Dirisha Moja Lenye Mtu

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu leo Jumatano, tarehe 21 Mei 2025, naomba tukae, walio nje wasogee karibu na spika, kwa kuwa familia imenikabidhi mimi, mdogo wa kike wa marehemu, karatasi hizi nizisome mpaka mwisho, na mwisho wake hauko karibu. Mwongozaji wa shughuli ameniomba nitumie dakika tano. Kaka yangu alipewa dakika mbili mbili katika kila ukumbi alioingia, kwa hiyo leo tutasoma mpaka karatasi ziishe.

Kabla sijafika kwenye kuzaliwa kwake, kuna jambo. Asubuhi hii ofisi inayosimamia mawasiliano imeleta shada la maua, tunashukuru, na pamoja na shada imeleta barua inayoomba historia hii itaje kwamba marehemu "alikuwa mdau aliyeunga mkono kikamilifu mageuzi ya huduma za kidijiti." Afisa uhusiano aliyeileta amekaa safu ya pili, ni mtu mstaarabu, katumwa, sina ugomvi naye. Lakini sentensi hiyo mmeisikia sasa na hamtaisikia tena, na sababu yake ndiyo historia yenyewe.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Dirisha, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano, ambao kati yao, kuanzia Jumamosi, nimebaki mimi peke yangu. Mama yetu alikuwa mshonaji wa sare za shule, na baba yetu alikuwa karani wa posta, dirisha namba nne, lile la vifurushi. Siku mama alipokuwa na kazi nyingi kaka alipelekwa posta, akakalishwa juu ya magunia ya barua nyuma ya kiti cha baba, na hapo ndipo alipomwona mama mmoja aliyepoteza stakabadhi ya kifurushi chake, aliyekuwa amezungushwa siku tatu kutoka dirisha moja hadi jingine, akifika namba nne huku machozi yanamlengalenga. Baba alimsikiliza, akainuka, akaingia stoo mwenyewe, akarudi na kifurushi kichwani, akasema, "Mama, hapa tumekosea sisi, tia sahihi uende zako." Kaka alikuwa na miaka sita, akadhani dunia nzima ndivyo inavyoendeshwa, na hilo ndilo kosa lake la kwanza, kosa ambalo hakuliacha hadi anakata roho.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa karibu na kiwanda cha sabuni kuanzia Januari 1964 hadi Novemba 1970, akasoma sekondari ya kutwa kuanzia 1971 hadi 1974, na Julai 1975 akajiunga na chuo cha ufundi, fani ya simu, akatunukiwa cheti tarehe 2 Desemba 1977, akiwa wa tatu darasani. Yeye alikuwa akisema wa pili, lakini cheti ninacho, ni wa tatu.

Tarehe 1 Februari 1978 aliajiriwa na shirika la simu akiwa fundi wa kuunganisha nyaya za chini ya ardhi, kazi ya kushuka kwenye mashimo ya barabarani yenye maji ya magotini, kukaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, na kuunganisha jozi mia mbili za nyaya zenye rangi mbalimbali bila kukosea hata moja, kwa sababu ukikosea jozi moja mtu anapiga simu kwa mamake inaita kwa mchinjaji nyama. Hilo alilisema sana. Alisema waya haujui unampigia nani, anayejua ni fundi, na siku fundi akiondoka waya utaendelea kufanya kazi kwa bidii kubwa na kwa ujinga mkubwa zaidi.

Ni katika mashimo hayo alikompata mke. Kila alipomaliza jozi alichomeka simu ya kupimia na kuongea na opareta aliyekuwa kituoni, na kwa miezi minane wawili hao walijuana kwa sauti tu, yeye kwenye maji, mwenzake kwenye kiti chenye magurudumu, mpaka siku moja opareta akamwambia, "Fundi, laini hii ulishaipima jana, leo unaipima ya nini?" Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1986, na wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 19 Aprili 1988, ambaye leo ni muuguzi, na mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1991, ambaye ni mchomeleaji wa vyuma, na ndiye aliyetengeneza msalaba mnaouona pale.

Tarehe 30 Juni 2003 shirika lilibadilisha wamiliki, likapunguza wafanyakazi, na mume na mke wakamwaga unga siku moja, kwa barua mbili zilizofanana hadi nukta. Kaka alifungua kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi, na juu ya meza ya kibanda hicho, katikati ya betri na bisibisi, ndipo alipoanza kuandika maoni yake juu ya mambo ya mtandao, mengine yakatoka magazetini, mengi yakaishia kwenye madroo ya wahariri. Akawa haachi mkutano wowote wa serikali wa kukusanya maoni ya wananchi. Wifi yangu alimpigia pasi shati jeupe, yeye akalivaa, akaenda kukaa mbele.

Mkutano wa kwanza ulikuwa tarehe 11 Agosti 2009, juu ya usajili wa laini za simu. Akapewa dakika mbili. Akasema namba ya simu si mtu, kwamba namba hufa, huuzwa upya, hupewa mwingine, na ikiwa mtafunga huduma zote kwenye namba, basi siku namba inahama mtu wa kwanza atakuwa amefutwa akiwa hai, kwa hiyo kila mfumo, wa serikali au wa biashara, uachiwe dirisha moja lenye mtu, na mtu huyo awe na mamlaka ya kusema tumekosea. Kipaza sauti kikazimwa kwenye neno "mamlaka." Mwenyekiti akasema, "Asante mzee, maoni yako yamepokelewa," na ukumbi ukacheka kidogo, kwa sababu wakati huo kaka alikuwa na miaka hamsini na miwili tu na hakuna aliyewahi kumwita mzee. Jina la Bwana Dirisha lilitoka hapo, walimpa kwa kumkejeli, yeye akalipenda.

Msidhani alikuwa adui wa mtandao, kama walivyomsema baadaye. Mwaka 2013 yeye ndiye aliyemfungulia mkewe ukurasa wa kuuza mashuka aliyoyadarizi mwenyewe, akampigia picha kila shuka likiwa juu ya kamba nyuma ya nyumba, na kwa miaka sita mashuka hayo yalikwenda miji ambayo wifi hajawahi kuiona. Tarehe 8 Mei 2019, saa nne asubuhi, ukurasa ukafungwa. Ujumbe ulisema amekiuka vigezo. Vigezo gani, haukusema. Wifi alibonyeza penye neno "msaada," akapelekwa kwenye ukurasa wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na swali lake halikuwamo, akabonyeza "wasiliana nasi," akarudishwa palepale pa maswali. Alipigwa danadana hiyo siku kumi na tisa. Mwanamke aliyeunganisha simu za watu kwa miaka kumi na minane, aliyekuwa akisema "subiri kidogo, nakutafutia" kwa kila mtu, mwenye cheo na asiye na cheo, alikosa binadamu mmoja wa kumwambia subiri kidogo. Mashuka yaliyobaki ndiyo mliyoyakalia ndani tangu Jumamosi.

Kaka alikwenda kwenye ofisi ya biashara, wakamwambia kampuni ile haina ofisi nchini, akauliza inalipaje kodi, wakamwambia hiyo inalipwa kupitia mfumo. Alipofika nyumbani ndipo akapiga ngumi mezani, mara moja, nami nilikuwapo, na sijawahi kumwona akipiga kitu kabla wala baada ya hapo.

Sasa nifike kwenye ile sentensi ya barua. Mwezi Septemba 2021 serikali ilitangaza kwamba huduma zote za umma, zikiwamo za hospitali, zitapatikana kwa mfumo peke yake, na wananchi wakaalikwa kutoa maoni, safari hii si ukumbini tena, bali kwenye tovuti. Kaka akafungua fomu. Fomu ilikuwa na visanduku viwili, kimoja kimeandikwa "Naunga mkono," kingine "Naunga mkono pamoja na marekebisho." Cha tatu hakikuwapo. Binti yake akamwambia, "Baba, usijaze, wanakutega." Yeye akasema, "Mwanangu, atakayeisoma ataona karatasi nilizoambatanisha." Akabonyeza cha pili, akaambatanisha kurasa nne. Alijaza fomu ile kama mtoto wa karani wa dirisha namba nne, akiamini kwamba nyuma ya fomu kuna mtu amekaa, anasoma.

Ripoti ilitoka Februari 2022. Ilisema asilimia mia moja ya waliotoa maoni wameunga mkono. Jina lake lilikuwa ukurasa wa sitini na tatu, kwenye orodha ya wadau. Kurasa zake nne hazikuwapo popote. Ndugu zangu, mtu anaweza kupuuzwa akazoea, kaka alikuwa amezoea, lakini kuchukuliwa jina lako likatumika kupigia muhuri kitu ulichokipinga miaka kumi na mitatu, hilo lilimvunja. Aliandika barua saba za kuomba jina lake liondolewe. Alijibiwa saba, zote zikisema maoni yake yamepokelewa.

Kuhusu ugonjwa na kifo, familia ilijadiliana niseme kiasi gani, tukakubaliana niseme yote.

Tarehe 10 Januari 2024 marehemu aliteleza bafuni akavunjika nyonga, simu ikiwa mfukoni ikapasuka, akalazwa, kisha akauguzwa nyumbani kwangu, na kwa muda wa zaidi ya miezi mitatu laini yake haikuwashwa, kwa kuwa mtu mwenye maumivu yale hakumbuki laini. Aliporudi kuitafuta, mwishoni mwa Aprili, namba aliyokuwa nayo tangu mwaka 1999 ilikuwa imeshauzwa kwa mtu mwingine. Akanunua mpya, akaenda hospitali abadilishiwe kwenye mfumo. Dada wa mapokezi alikuwa mwema, akajaribu, akamwambia, "Baba, ili nibadilishe, mfumo unatuma tarakimu sita za kuthibitisha." Zinatumwa wapi? Kwenye namba ya zamani. Kaka alicheka pale mapokezi mpaka watu wakageuka. Alikuja kunisimulia akiwa bado anacheka, akaniambia, "Dada, nimefutwa, kama nilivyosema," nikaona ni kama anafurahi, nikamchukia kidogo siku ile.

Agosti alianza kukojoa damu. Jumatatu, tarehe 9 Septemba 2024, alichukuliwa vipimo, akaambiwa asubiri ujumbe. Akaenda Oktoba kuuliza, kaunta ya mapokezi ilikuwa imeondolewa, pamewekwa skrini mbili, na skrini ikamwambia asubiri ujumbe. Akaenda Novemba na mkewe, wifi akamuuliza mlinzi wa mlangoni, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mtu pekee pale, mlinzi akasema, "Mama, mimi nalinda tu." Akaenda Januari. Wakati huohuo binti yake, ambaye nimesema ni muuguzi, wa hospitali nyingine, alikuwa akimjua daktari wa pale, akamsihi baba yake kwa miezi mitatu ampitishe kwa mlango wa nyuma. Alikataa. Alisema akipita mlango wa nyuma atakuwa amewakubalia kwamba mlango wa mbele haupo. Nalisema hili mbele yenu na mbele ya jeneza lake kwa sababu nina hasira na hospitali, nina hasira na ofisi, na nina hasira naye. Ulitaka kushinda hoja, kaka. Hoja ilikuwa yako tangu mwaka 2009. Sisi tulikutaka wewe.

Jumanne, tarehe 18 Februari 2025, daktari mmoja akipita ukumbini pale hospitali alimwona mzee amekaa kwenye kiti huku jasho linamtoka, akasimama, akamuuliza jina, akaingia ofisini kulitafuta. Majibu yalikuwa tayari tangu tarehe 20 Septemba. Ilikuwa saratani ya kibofu. Alikuwa amepangiwa upasuaji tarehe 2 Oktoba, na kwenye faili palikuwa na neno moja, "Hakufika." Daktari yule alimweleza kwamba mwezi Oktoba ingekatwa ikaisha, na kwamba sasa imeshasambaa, kisha akasema, "Mzee, hapa tumekosea sisi." Wifi anasema kaka alimshika mkono daktari, akamshukuru kama mtu aliyepewa dawa.

Marehemu alifariki dunia Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, wodi ya pili, kitanda kilicho karibu na mlango, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu na mdogo wake.

Kurasa zile nne zimo mikononi mwangu. Sitazisoma zote, maana tatu na nusu ni mambo ya kiufundi, na wengi wenu mngesinzia, hata mimi nilisinzia. Nasoma aya ya mwisho, na kwa kuwa kipaza sauti leo ni cha familia, hakuna atakayekizima. "Siombi mfumo uzimwe. Nimeutumikia waya maisha yangu yote na najua unavyofupisha safari za watu. Naomba kila penye mfumo pabaki dirisha moja, liwe dogo, liwe la pembeni, liwe na foleni ndefu, lakini ndani yake akae mtu anayeweza kuinuka akaenda stoo. Msipoliacha, watu watakufa wakiwa wamesubiri kwa utaratibu, na mtaandika kwamba hawakufika. Siungi mkono." Ndugu afisa, umesikia, nawe ni shahidi pamoja na watu hawa wote. Maoni yake yamesomwa. Ripoti yenu ikarekebishwe.

Familia inamshukuru daktari aliyesimama ukumbini, na wauguzi wa wodi ya pili, ambao hawakuchoka. Tunawashukuru majirani kwa viti, kwa maji na kwa kukaa na wifi. Tunawashukuru mafundi wenzake wa zamani, kumi na mmoja waliobaki, ambao wameomba walibebe jeneza wenyewe, na jinsi walivyozeeka tunawaombea walifikishe.

Na kuna mtu mmoja zaidi. Jumamosi mchana, habari zilipoanza kusambaa, watu waliipiga namba ya kaka, ile ya miaka ishirini na mitano, ili watupe pole. Ilipokelewa na dada mmoja msusi, aliyeinunua laini hiyo dukani kama mnavyonunua nyie, bila kujua ilikuwa ya nani. Wale wa kwanza aliwaambia wamekosea namba. Walipofika wanane akamuuliza mmoja msiba uko wapi, na Jumapili mchana alifunga saluni, akaja, akapiga magoti mbele ya wifi yangu, akasema, "Mama, zile jumbe za hospitali zilikuja kwangu. Nilidhani ni matapeli. Nilizifuta." Wifi alimwinua, akamkalisha kwenye shuka lake, akamwambia, "Mwanangu, hukukosea wewe. Namba ulipewa."

Tangu siku hiyo dada yule hajazima simu. Amekaa jikoni kwetu siku nne, kila inapoita anapokea, anawaeleza watu kwa upole kwamba mwenye namba amefariki, mazishi ni Jumatano saa nane, anawaelekeza njia, na yule anayelia anamsubiri amalize. Wengi wenu mmefika hapa kwa sauti yake, na yupo, safu ya tatu, simu ameishika mkononi. Amesema laini hiyo hataibadilisha.

Basi, kaka yangu, nenda upumzike, kazi ya kueleza umeimaliza. Na wale ambao hawajapata habari, wanaomtafuta marehemu kwa salamu au kwa shida zao, waipige namba ileile ya zamani. Kuna mtu atapokea.